Nundu Inayorudi na Usaha wa Usoni Usiokoma: Mwongozo Kamili wa Upasuaji wa Ngozi

Watu wa aina mbili hufika kliniki ya ngozi wakiwa wamechoka. Mmoja ana nundu iliyokatwa mara mbili tatu na kila ikikatwa inarudi kubwa zaidi. Mwingine ana kijipu cha shavuni au kidevuni kilichokwisha kula dozi kadhaa za antibiotiki na bado kinatoa usaha. Waulize swali moja tu: nyama iliyokatwa ilipelekwa maabara? Usaha uliotoka ulipimwa? Mara nyingi jibu ni hapana. Nyama ilitupwa kwenye ndoo, usaha ulifutwa kwa pamba, na chanzo cha ugonjwa kikabaki palepale.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao na kwa ndugu wanaowasindikiza. Hautakufanya daktari. Utakusaidia kujua nini kinapaswa kufanyika, kwa mpangilio gani, na swali gani uulize kabla wembe haujagusa ngozi.

Hatua ya 1: Tazama, pima, piga picha

Weka rula au sarafu pembeni ya uvimbe, kaa karibu na dirisha mchana, piga picha kwa simu. Rudia kila baada ya wiki 4. Picha zilizopangwa kwa tarehe humwambia daktari mengi kuliko "ulikuwa mdogo tu". Andika pia ulianza lini, kama ulianzia kwenye jeraha, chanjo au kuungua, umekatwa mara ngapi, na umepaka nini. Kama umetumia mkorogo, sema bila aibu. Mikorogo mingi ina dawa kali za steroidi zinazofanya ngozi iwe nyembamba, zinachelewesha kidonda kupona na zinabadilisha sura ya ugonjwa wenyewe.

Picha zisiwe sababu ya kungoja nyumbani. Kidonda kilichopitisha wiki 4 bila kupona, nundu inayotoka damu ikiguswa kidogo, au uvimbe unaoongezeka mwezi hadi mwezi, nenda navyo hospitali sasa hivi.

Kuna uvimbe mmoja ambao ningependa kila mtu mwenye "keloidi ya ajabu" (keloidi ni kovu linaloota na kuvimba kupita jeraha lililolianzisha) aujue kwa jina: dematofibrosakoma protuberansi, ambao kwenye karatasi za hospitali huandikwa DFSP. Ni saratani adimu ya tabaka la ndani la ngozi, na madaktari wa Ufaransa Darier na Ferrand waliieleza mwaka 1924. Huota polepole mno, hata miaka kumi na zaidi, hasa kifuani, mgongoni, begani na karibu na mtulinga. Huanza kama bamba gumu lisilouma. Baadaye vinundu huchomoza juu ya bamba hilo, viwili, vitatu, vingine vikiwa na rangi ya wekundu au kahawia. Ukilishika unalisogeza pamoja na ngozi, kwa sababu limo ndani ya ngozi yenyewe.

Keloidi huwa na historia: sikio lilitobolewa, kipele kilikwaruzwa, mtu alichanjwa au alipasuliwa. Huwasha, hung'aa, na mara nyingi mtu anayo mahali pengine pia. DFSP mara nyingi haina historia hiyo, ingawa mara chache huota juu ya kovu la zamani. Kwa hiyo "keloidi" iliyo peke yake, ambayo haikutanguliwa na jeraha lolote, na inayoendelea kutoa vinundu vipya, ikaguliwe upya hata kama mtu aliambiwa zamani kwamba ni keloidi.

Chanzo chake ni kromosomu ya 17 na ya 22 kubadilishana vipande ndani ya seli za ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Hairithiwi, haiambukizi, na haihusiani na jicho la mtu wala kurogwa. Kusambaa mwilini ni nadra, chini ya wagonjwa 5 kati ya 100. Ubaya wake ni kwamba seli zake hupenya kwenye mafuta ya chini ya ngozi kwa nyuzi nyembamba ambazo jicho halizioni. Daktari akikata nundu peke yake, nyuzi zinabaki, na baada ya muda uvimbe unarudi.

Mengine ya kuwa macho nayo nitayataja kwa haraka. Kovu la moto la miaka mingi likifunguka na kuwa kidonda chenye kingo zilizoinuka, hasa kwenye mguu, linaweza kuwa limegeuka saratani. Huitwa kidonda cha Marjolin. Doa jeusi linalopanuka chini ya unyayo, kiganjani au chini ya kucha linaweza kuwa melanoma, saratani kali ya seli za rangi ya ngozi, na kwa watu weusi hapo ndipo inapojificha zaidi. Mtu mwenye ualbino mwenye kigaga usoni, masikioni, shingoni au juu ya mikono kisichokwisha asingoje kiwe kidonda kikubwa. Kikikatwa kikiwa kidogo, kazi ni ya saa moja kwa ganzi na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Kama shida ni usaha wa usoni, tafuta chanzo kabla ya kukata

Kwanza, usikamue. Eneo kuanzia juu ya pua hadi pembe mbili za mdomo lina mishipa ya damu inayowasiliana na mishipa ya nyuma ya jicho na ndani ya fuvu. Jipu la hapo likikamuliwa, vimelea vinaweza kupanda kwa njia hiyo. Ni nadra, lakini likitokea linaweza kuua au kupofusha. Mtu mwenye jipu la puani au mdomo wa juu akipata homa, kichwa kikali, kope kuvimba, jicho kutokeza au kuona vitu viwiliviwili, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Atahitaji antibiotiki ya mshipani.

Sasa niende kwenye jambo linalonisikitisha kuliko yote, kwa sababu tiba yake ni rahisi. Mtu ana kishimo kidogo kidevuni au kwenye mstari wa taya. Kinatoa usaha kidogo, kinakauka, kinajaa tena. Amepewa amoksilini, kloksasilini, krimu, sindano. Wengine wamekatwa na kushonwa, kishimo kikarudi palepale. Hakuna aliyefungua kinywa chake kutazama. Ndani kuna jino bovu ambalo mzizi wake umeoza, na usaha umetoboa mfupa wa taya ukatafuta njia ya kutokea usoni. Jino lenyewe huenda haliumi kabisa, maana mshipa wake wa fahamu ulikwisha kufa. Mgonjwa akiulizwa "unaumwa jino?" anajibu hapana, na anasema kweli.

Jipime hivi: shika ngozi yenye kishimo, ivute polepole kwenda mbele. Ukihisi kama kuna kamba inayoizuia kuelekea kwenye taya, muone daktari wa meno kabla ya daktari wa upasuaji. Omba picha ya eksirei ya jino na mfupa wake. Tiba ni kutibu mzizi wa jino au kuling'oa. Jino likishughulikiwa, kishimo hufunga chenyewe ndani ya wiki chache, bila kisu, na antibiotiki mara nyingi hazihitajiki. Kikiacha bonde dogo kwenye ngozi, hilo ndilo linaloweza kurekebishwa baadaye kwa upasuaji mdogo.

Zipo sababu nyingine. Uvimbe mgumu wa taya wenye matundu kadhaa, na usaha wenye chembechembe za njano mithili ya punje za mchanga, unaweza kuwa aktinomikosi. Hapo penisilini hutolewa kwa miezi, mara nyingi 6 hadi 12, na maabara iambiwe mapema ili iuoteshe usaha kwa siku nyingi zaidi, kwa kuwa bakteria hawa hukua taratibu. Bamba jekundu-kahawia la shavuni au puani linalopanuka kwa miaka na kuacha kovu katikati linaweza kuwa kifua kikuu cha ngozi, ambacho hutibiwa kwa dawa zilezile za TB, kwa kawaida miezi 6. Kwa mtu wa Gilgil, Kenya, au miteremko ya Mlima Elgon, kidonda cha usoni kisichouma na kisichopona kinaweza kuwa leishmania, ugonjwa unaoletwa na kimelea. Na vipele vya usoni vinavyotulia ukipaka krimu ya steroidi kisha vikirudi kwa wingi kila ukiacha, mara nyingi ni fangasi aliyefichwa na krimu hiyo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoponywa kwa kukatwa na kushonwa tu.

Hatua ya 3: Fika mahali sahihi, ukiwa na karatasi zako

Anzia zahanati au kituo cha afya upate barua ya rufaa. Bila barua hiyo bima nyingi husumbua. Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na wahitimu wake wamo hospitali nyingi za mikoa na nchi jirani. Uliza kama hospitali yako ya mkoa ina mtaalamu wa ngozi aliyetoka huko, huenda usihitaji safari ndefu. Hospitali za Muhimbili (Dar es Salaam) na Bugando (Mwanza) hupokea rufaa. Ocean Road, Dar es Salaam, ndiko kwenye tiba ya saratani, mionzi ikiwemo. Kenya, rufaa nyingi huishia hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA.

Beba kadi ya bima, picha zako, majibu yote ya zamani na maboksi ya dawa ulizotumia. Boksi tupu lina thamani kuliko "zile za njano".

Hatua ya 4: Kinyama cha kupima

Hapa ndipo mambo huharibika au kutengenea. Kabla ya upasuaji mkubwa, daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe kwa ganzi. Huchukua dakika chache na hushonwa uzi mmoja au miwili. Watu wengi huogopa kwamba kugusa saratani kwa kisu huifanya isambae. Kinyama cha kupima cha ngozi hakifanyi hivyo. Kinachodhuru ni kukata uvimbe usiojulikana kwa kubahatisha.

Kwa nundu inayoshukiwa kuwa DFSP, kipande kiende chini hadi kwenye mafuta. Kikichukuliwa juujuu, majibu yanaweza kusema "kovu tu" huku ugonjwa uko chini yake.

Sasa kuhusu chupa. Kinyama cha kutazama seli huwekwa kwenye formalini ya asilimia 10, iwe nyingi kama mara kumi ya ukubwa wa nyama. Lakini formalini huua vimelea. Ikiwa kuna shaka ya maambukizi, TB, fangasi au aktinomikosi, lazima kuwe na kipande cha pili kwenye chupa nyingine yenye maji safi ya chumvi ya hospitali, ambacho hakigusi formalini, na kifike maabara siku hiyohiyo. Chupa ya pili ikisahaulika, hakuna namna ya kuotesha kimelea, na mgonjwa atakatwa tena. Una haki ya kuuliza kwa upole: "Daktari, kuna chupa mbili?"

Tazama lebo zikiandikwa. Jina lako kamili, tarehe, na mahali hasa: "shavu la kushoto", si "uso". Chupa isiyo na jina imemharibia matibabu mtu zaidi ya mmoja.

Hatua ya 5: Soma majibu pamoja na daktari

Majibu huchukua wiki moja hadi mbili, pengine zaidi. Omba nakala yako. Ulizia jina la ugonjwa, kama ni saratani au la, na kama kipimo cha rangi maalumu kinahitajika. Kwa DFSP mojawapo huitwa CD34. Maabara hutunza kinyama chako ndani ya kibonge cha nta kwa miaka, na kibonge hicho kinaweza kuombwa kikasomwe na daktari mwingine wa patholojia (anayesoma vinyama kwa hadubini) bila wewe kukatwa upya. Kwa uvimbe adimu, maoni ya pili yanafaa kabisa na hakuna daktari makini atakayekasirika.

Hatua ya 6: Upasuaji wenyewe

Kanuni ni moja: kuondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka. Upana wa ukingo hutegemea ugonjwa. Saratani ya ngozi ya seli za tabaka la chini, ikiwa ndogo na yenye mipaka inayoonekana, kwa kawaida hukatwa na ukingo wa milimita 4. Ile ya seli bapa, inayowapata sana watu wenye ualbino, milimita 4 hadi 6, na zaidi ikiwa kubwa. Melanoma ni sentimita 1 hadi 2 kulingana na kina chake. DFSP ndiyo inayowashtua wagonjwa: sentimita 2 hadi 4 kila upande, na chini hadi kwenye utando unaofunika msuli. Nundu ya ukubwa wa limau inaweza kuacha jeraha la ukubwa wa kiganja. Afadhali ulijue hilo kabla ya kulala mezani. Mtu asiyeelezwa huamka akidhani amekosewa.

Ipo njia nyingine iliyoanzishwa miaka ya 1930 na Frederic Mohs wa Wisconsin, Marekani. Nyama hukatwa tabaka moja jembamba kwa wakati, kila tabaka linasomwa kwa hadubini kingo zote, na daktari anarudi kukata pale tu penye seli zilizobaki. Huokoa nyama nzima nyingi, jambo kubwa usoni na kwa DFSP pia. Kama haipatikani ulipo, kukata kwa ukingo mpana na kusubiri majibu ya kingo ni njia halali.

Kusubiri huko ndiko ninakotaka ukukazanie. Nyama ikitoka, daktari huifunga nyuzi za alama, kwa mfano uzi mfupi upande wa kichwani na uzi mrefu upande wa pembeni, ili maabara ikisema "upande fulani bado una seli" kila mtu ajue ni upande gani. Mpaka majibu ya kingo yarudi, jeraha la DFSP lisifunikwe kwa kuhamisha vipande vikubwa vya ngozi na nyama vya jirani, kwa sababu kuhamisha huko huvuruga ramani: seli zilizobaki huishia mahali pengine na hakuna anayejua pa kukata. Jeraha linaweza kufungwa bendeji safi kwa siku kadhaa, au kufunikwa kwa ngozi nyembamba iliyochukuliwa pajani. Uliza: "Tukikuta kingo si safi, mpango ni upi?"

Usoni, ulizia mishipa ya fahamu. Tawi moja hupita juujuu kwenye panja. Likikatwa, nyusi haiinuki tena. Jingine hupita kwenye ukingo wa taya ya chini. Likikatwa, pembe ya mdomo huenda upande unapocheka. Ndiyo maana hata jipu la taya lisipasuliwe na mtu wa duka la dawa. Jipu lililoiva hupasuliwa kwa mkato mdogo unaofuata mistari ya asili ya ngozi, usaha unachukuliwa kwenda kupimwa, na shimo linaachwa wazi litoe uchafu.

Siku ya upasuaji wa ganzi ya kawaida unaweza kula, isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi. Sema kama una kisukari, presha, VVU, mimba, mzio, au unatumia aspirini au warfarini. Usiziache mwenyewe, daktari ndiye atakayeamua. Usinyoe eneo kwa wembe nyumbani. Ganzi ikichomwa inawasha kama moto kwa sekunde chache, kisha utasikia kuvutwa na kusukumwa tu. Ukisikia maumivu, sema, uongezewe.

DFSP iliyoenea mahali pasipokatika inaweza kupewa vidonge vya imatinibu, au mionzi baada ya upasuaji. Huo ni uamuzi wa madaktari wa saratani.

Hatua ya 7: Kidonda nyumbani

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 20 mfululizo ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, rudi hospitali. Acha bendeji ya kwanza saa 24 hadi 48, kisha osha taratibu kwa maji safi na sabuni, kausha kwa kugusagusa, paka vaselini safi kidogo, funika. Usiweke majivu, dawa ya meno, spiriti, wala unga wa kapsuli za rangi mbili. Unga huo hukauka ukafunika usaha chini yake.

Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za kifuani na mgongoni siku ya 10 hadi 14, za unyayo baadaye zaidi. Zikichelewa usoni huacha alama kama ngazi. Ngozi iliyopandikizwa isiguswe wala kusogezwa mpaka daktari aifungue mwenyewe, kwa kawaida siku ya 5 hadi 7. Hapo ndipo huonekana kama imeshika: ikiwa na rangi hai imeshika, ikiwa nyeusi au inaelea juu ya usaha haijashika.

Kama ukoo wenu una keloidi, sema kabla ya upasuaji. Kovu likianza kuinuka na kuwasha, sindano ya triamsinoloni (dawa ya steroidi) ianzishwe mapema. Kukata keloidi peke yake, bila sindano wala mionzi baadaye, mara nyingi huirudisha ikiwa kubwa zaidi.

Hatua ya 8: Kufuatilia kwa miaka

Marudio mengi ya DFSP hutokea ndani ya miaka 3 ya mwanzo, lakini mengine huja baadaye sana. Panga kuonana na daktari kila miezi 6 kwa miaka hiyo, kisha mara moja kwa mwaka. Mtu mwenye ualbino akaguliwe ngozi yote kila miezi 3 hadi 6, avae kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu, na atumie mafuta ya kinga ya jua. Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, huulizwa kwenye kliniki za ngozi za mikoa. Aliyetibiwa jino apige eksirei nyingine baada ya miezi 6 hadi 12 kuona kama mfupa umejaa.

Nyumbani, mara moja kwa mwezi, ukiwa unaoga na ngozi ina sabuni, pitisha vidole viwili juu ya kovu lote na sentimita 5 kulizunguka, ukikandamiza kidogo. Kovu jema ni bapa na hulainika kadiri miezi inavyopita. Ukikutana na kipunje kigumu ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, usingoje tarehe ya kliniki: piga picha na rula, chukua nakala ya majibu ya patholojia, nenda wiki hiyohiyo.